Kinga ya Pwani: Ukuta Mzima au Boma la Mawe?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vyama vya msingi vya mwambao: vya wavuvi, vya wakuzaji wa mwani na vya wakulima wa minazi)



Katika vyama vya msingi vya mwambao limekuwa jambo la kawaida, kila msimu wa kusi unapokwisha, kuona katika kumbukumbu za mkutano mkuu hoja moja yenye maneno yale yale: kwamba bahari imesogea, kwamba ghala la chama au banda la kuhifadhia mwani limo hatarini, na kwamba hapana budi ujengwe ukuta. Hoja hiyo hupitishwa kwa kauli moja, kwani hakuna mwanachama anayependa kuona mali yake ikichukuliwa na maji. Fedha hutafutwa katika mfuko wa akiba, au chama hukopa. Fundi huitwa na mifuko ya saruji huagizwa. Lakini swali la ukuta wa namna gani aghalabu halipati hata nusu saa ya majadiliano, ilhali ndilo linaloamua kama fedha zile zitabaki pwani au zitaishia baharini.

Wanachama wengi hupenda ukuta uliosimama wima, uliojengwa kwa mawe na saruji na kupigwa lipu ukawa laini. Huonekana kama jengo, huweza kupakwa chokaa na kuandikwa jina la chama. Boma la mawe yaliyopangwa bila saruji, lenye mteremko na mianya kila mahali, huonekana kama kazi ambayo fundi ameikimbia kabla ya kuimaliza. Wapo wajumbe wa kamati waliowahi kukataa kutia sahihi hati ya malipo kwa sababu hiyo tu. Yafaa basi ielezwe, kwa lugha ya kawaida, wimbi hufanya nini linapokutana na kila moja ya vitu hivi viwili.

Mtu akitupa kifuu cha nazi majini, nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, ataona kikipanda na kushuka, kikienda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, wala hakisafiri pamoja na wimbi. Maji yenyewe hayasafiri; huzunguka pale pale mfano wa gurudumu. Kinachosafiri ni nguvu iliyotiwa baharini na upepo, na huenda upepo huo ulivuma maelfu ya kilomita mbali, siku kadhaa zilizopita. Nguvu hiyo haiongezeki sawa na kimo cha wimbi, bali huongezeka kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Wimbi la mita 2 lina nguvu mara 4 ya wimbi la mita 1, na wimbi la mita 3 lina nguvu mara 9. Kwa hiyo mvuvi anaposema kwamba bahari ya leo ni kali maradufu ya jana, mara nyingi amepunguza sana.

Nguvu hiyo ikifika mbele ya kizuizi ina njia tatu tu. Yaweza kurudishwa baharini, yaweza kupenya na kuendelea upande wa pili, au yaweza kutumika na kwisha pale pale. Elimu yote ya kinga za pwani imo katika kuamua ni kiasi gani kiende kwenye kila njia.

Ukuta wima usio na tundu hurudisha karibu nguvu yote. Wimbi linalorudi hukutana na wimbi linalokuja, na mbele ya ukuta maji hupanda kwa kimo kinachokaribia mara mbili ya kile cha wimbi la awali. Ndiyo sababu mtu aliyesimama juu ya ukuta wa namna hiyo hulowa, ingawa wimbi alilokuwa akilitazama likija halikuwa kubwa. Maji yanayoanguka na kurudi huchota mchanga uliopo chini ya miguu ya ukuta, wimbi baada ya wimbi, usiku na mchana. Ufuko uliokuwa mbele hushuka, kina cha maji huongezeka, na kina kikiongezeka mawimbi makubwa zaidi huweza kukaribia. Hivyo ukuta huo hujitengenezea adui mkubwa kuliko yule uliojengewa. Aghalabu hauanguki kwa kupigwa kifuani; huanguka kwa kuchimbwa miguuni. Tena maji yaliyoruka juu yake yakikosa njia ya kutokea nyuma, huulowesha udongo na kuusukuma ukuta kuelekea baharini. Fundi aliyeacha vijitundu vya bomba la inchi mbili ametoa maji hayo ya nyuma, na amefanya vema, lakini asidhani kwamba ametengeneza ukuta wenye mianya. Vijitundu hivyo havilipunguzii wimbi kitu.

Boma la mawe hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Wimbi hupanda mteremko wake, na papo hapo maji huanza kuingia katika mianya. Mkondo mmoja mkubwa hugawanyika ukawa maelfu ya vijito. Kila kijito hugonga jiwe, hugeuzwa, hugongana na kingine, huzunguka katika tundu na kutoka povu. Nguvu ya wimbi hutumika katika msukosuko huo na mwisho hugeuka kuwa joto, joto dogo mno ambalo hakuna mkono wa mtu unaoweza kulihisi. Wimbi linalorudi baharini kutoka boma lililojengwa vizuri huwa na kimo cha kiasi cha theluthi moja mpaka nusu ya lile lililokuja. Kwa ile hesabu ya kimo kuzidishwa kwa chenyewe, maana yake ni kwamba nguvu inayorudishwa ni sehemu moja katika 9, au ikizidi sana robo. Iliyobaki, isipokuwa ile kidogo iliyopenya, imekwisha ndani ya mawe.

Hapa liko jambo la kuwakumbusha wahasibu. Mawe ya boma hununuliwa kwa meta za ujazo, na katika kila meta 10 za mawe yaliyopangwa ovyo ovyo, karibu 4 ni nafasi tupu. Mhasibu mwenye uangalifu huweza kudhani kwamba chama kimepunjwa na mwenye lori. Hakikupunjwa. Nafasi hizo tupu ndizo zinazovunja wimbi, na mawe yapo ili kuzishikilia nafasi hizo mahali pake.

Kwa sababu hiyo, kosa baya kuliko yote ni lile la kulimalizia boma kwa saruji. Mwaka wa kwanza boma hufanya kazi; mwaka wa pili jiwe moja au mawili huteleza; mwaka wa tatu kamati huamua kuziba mianya kwa zege ili mawe yashikamane. Kuanzia siku hiyo boma si boma tena, ni ukuta wenye mteremko. Maji hayaingii, hupanda juu zaidi na kuvuka. Na yale machache yaliyokwisha kuingia kwa chini hukosa pa kutokea, yakalisukuma tabaka la juu kwa ndani mpaka likapasuka. Kosa la aina hiyo hiyo hufanywa na wale wanaojaza tumbo la boma kwa udongo mfinyanzi au kifusi cha nyumba ili kupunguza gharama ya mawe. Majaribio mengi yaliyofanywa katika mahodhi ya maabara yameonyesha kwamba jiwe lile lile, katika mteremko ule ule, hustahimili wimbi kubwa zaidi likiwa juu ya tumbo linalopitisha maji kuliko likiwa juu ya tumbo lililoziba.

Hata hivyo mianya nayo ina adabu yake. Mawe makubwa yakiwekwa moja kwa moja juu ya mchanga, wimbi linaporudi hufyonza mchanga kupitia kati yao, na boma huzama kidogo kidogo kama mtu anayesimama mahali maji yanapopwa. Kwa hiyo hujengwa kwa matabaka: kokoto kubwa au kitambaa maalumu cha kuchuja juu ya mchanga, kisha mawe ya kadiri, kisha mawe makubwa nje. Kila tabaka liwe na mianya midogo kiasi cha kuzuia tabaka la chini yake lisitoroke. Mwenye kujua kuchuja tui hahitaji maelezo zaidi.

Sasa, jiwe kubwa ni jiwe la kiasi gani? Katika mwaka 1938 mhandisi wa Kihispania, Ramón Iribarren, alitoa kanuni ya kukadiria uzito wa jiwe linaloweza kukaa bila kung'olewa. Robert Hudson, mtaalamu wa maabara ya jeshi la wahandisi la Marekani, aliirekebisha kwa majaribio na kuitangaza mwaka 1959, na mpaka leo wahandisi huitumia kwa makadirio ya mwanzo. Kanuni hiyo yasema kwamba uzito wa jiwe huongezeka kwa kimo cha wimbi kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu. Wimbi likiongezeka maradufu, jiwe lazima liwe zito mara 8.

Tuseme boma lina mteremko wa meta 1 kwenda juu kwa kila meta 2 za ulalo, na mawe ni ya matale, magumu na yenye pembe. Kwa wimbi la mita 1 linalovunjika juu yake, jiwe linalohitajiwa lina uzito wa kilo 165 hivi. Kwa wimbi la mita 2, ni tani 1.3. Hayo ni mawe ya matale. Pwani nyingi za Afrika ya Mashariki hazina matale karibu. Zina mawe ya matumbawe, nayo ni mepesi. Wepesi huo ni hasara mara mbili, kwa sababu jiwe likiwa majini hupunguziwa uzito na maji, na jiwe jepesi hupoteza sehemu kubwa zaidi ya uzito wake. Jiwe la matumbawe lenye uzito wa tani 2 kwa meta ya ujazo, likitakiwa kusimama mbele ya wimbi lile lile la mita 1, lazima liwe la kilo 580 hivi. Kwa wimbi la mita 2 lazima lizidi tani 4 na nusu.

Hesabu hiyo ina uzito wake hasa kwa vyama vinavyojenga kwa nguvu za wanachama, siku za kujitolea. Jiwe ambalo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kulibeba begani ni la kilo 50. Likiwa la matumbawe, litang'olewa na wimbi ambalo kimo chake hakijafika nusu mita. Moyo wa wanachama hautiliwi shaka, wala haifai kuuvunja. Lakini kazi ya siku nyingi ya watu mia moja yaweza kutawanywa ufukoni na bamvua moja ya mwezi wa Julai, na mkutano mkuu unaofuata ukatafuta mchawi badala ya kutafuta mzani. Mawe ya begani ni mazuri kwa tabaka la ndani. Tabaka la nje lataka winchi, na winchi yataka kukodiwa, na hilo liandikwe katika makisio tangu mwanzo.

Yapo mataifa yaliyokosa mawe makubwa yakatengeneza mawe yao. Mwaka 1950 maabara moja ya mjini Grenoble, Ufaransa, ilibuni kipande cha zege chenye miguu minne, kiitwacho tetrapodi, ambacho kilitumiwa kwa mara ya kwanza kukinga mitambo ya umeme mjini Casablanca, Moroko. Faida ya tetrapodi ni kwamba hukamatana miguu na huacha nafasi tupu ya karibu nusu ya ujazo wote. Mwaka 1963 katika bandari ya East London, Afrika Kusini, ulibuniwa mtindo mwingine, dolosi, mfano wa herufi H ambayo mguu wake mmoja umesokotwa. Dolosi hukamatana zaidi, kwa hiyo lilionekana kuwa ndilo jibu la mwisho, na bandari nyingi duniani zikalitaka.

Bandari ya Sines nchini Ureno ilijengewa boma la kiasi cha kilomita 2, katika maji yanayofikia kina cha karibu mita 50, likafunikwa kwa madolosi ya tani 42 kila moja. Mwezi Februari 1978, kazi ikiwa inakaribia kwisha, ilikuja dhoruba. Mawimbi yake, kadiri ilivyokadiriwa baadaye, hayakufikia hata kimo kilichotumiwa katika hesabu za usanifu, na juu ya hayo maelfu ya madolosi yalivunjika na boma likaharibika vibaya. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba kipande chembamba cha zege lisilo na nondo, kikiwa kikubwa hivyo, hakiwezi kustahimili kutikiswa na kugonganishwa. Katika hodhi la majaribio vipande vilikuwa vidogo na havikuvunjika; uzani ulipunguzwa kwa kipimo, lakini ugumu wa kitu haupungui kwa kipimo hicho hicho. Kwa chama cha msingi, kisa hiki chafaa kukumbukwa anapokuja mwuzaji wa vipande vya zege na picha zake za rangi.

Kisa cha zamani zaidi chawahusu wavuvi moja kwa moja. Mji wa Wick, kaskazini mwa Uskoti, ulikuwa katika karne ya 19 miongoni mwa bandari kubwa za samaki wa hering, na bandari yake ilimilikiwa na British Fisheries Society. Kuanzia mwaka 1863 ukajengwa ukuta wa kuvunja mawimbi, kwa usanifu wa akina Stevenson, ambao mmoja wao, Thomas Stevenson, ndiye aliyebuni chombo cha kupimia nguvu za mawimbi. Hakukuwa na mtu katika Uingereza nzima aliyejua habari hizo kumzidi. Ncha ya ukuta ilifungwa ikawa kitu kimoja: bonge la zege lililounganishwa kwa vyuma vizito na mawe ya msingi yaliyo chini yake. Mwezi Desemba 1872 dhoruba ililisogeza bonge hilo zima, pamoja na mawe yaliyofungwa nalo, jumla tani 1,350. Likawekwa jingine la tani 2,600. Mwaka 1877 hilo nalo likachukuliwa. Wimbi lilikuta uso mzima wa kusukuma, likausukuma.

Si kwamba ukuta wima hauna mahali pake. Penye gati, mahali chombo kinapotia ubavu, mteremko wa mawe haufai. Kwa haja hiyo mhandisi Jarlan alibuni, mapema katika miaka ya 1960, ukuta wenye matundu makubwa usoni na chumba kitupu nyuma yake, nao ulijengwa Baie-Comeau nchini Kanada. Maji huingia kwa matundu, hupanda chumbani, hurudi kwa kuchelewa na kukutana na wimbi jipya kwa namna ya kulipunguza badala ya kuliongeza. Lakini ili jambo hilo litokee, chumba kinatakiwa kiwe na upana wa karibu robo ya urefu wa wimbi. Wimbi linalokuja kila baada ya sekunde 8, katika maji ya kina cha mita 4, lina urefu wa karibu mita 48 toka kilele hadi kilele. Chumba chake basi ni cha upana wa mita 10 na zaidi. Hiyo ni kazi ya mamlaka ya bandari, si ya chama.

Hapo limetajwa neno ambalo halina budi kufafanuliwa, yaani urefu wa wimbi. Mawimbi mafupi yanayotokana na upepo wa hapo hapo hufia katika mianya ya boma upesi. Mawimbi marefu, yale yanayokuja polepole kwa sekunde 12 au 14 bila upepo wowote kuvuma, ni wajanja zaidi. Hupenya mawe kwa urahisi kuliko yale mafupi, na hupanda mteremko juu zaidi. Nahodha aliyeegesha mashua nyuma ya boma na kuona zikipanda na kushuka ilhali bahari imetulia asiseme kwamba fundi ameiba mawe. Huenda ni mgeni wa mbali anayepita. Mwaka 1987, mwezi Aprili, mawimbi ya namna hiyo yaliyotoka katika dhoruba za mbali za bahari ya kusini yaliufurikisha mji wa Malé katika visiwa vya Maldivi. Serikali ya Japani ilisaidia baadaye kuujengea mji huo boma la tetrapodi, na tsunami ya Desemba 2004 ilipofika, mji uliingiwa na maji lakini ukaepuka madhara makubwa zaidi.

Na kwa nini mji wa Malé ulikuwa wazi kiasi hicho mwaka 1987? Kwa sababu, pamoja na mengine, sehemu ya mwamba wake wa matumbawe ilikuwa imefukiwa ili kupanua kisiwa, na kwa miaka mingi matumbawe ya visiwa hivyo yalikuwa yamechimbwa kujengea nyumba. Jambo hili ni la kutazamwa kwa macho makavu na kila chama kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Mwamba wa matumbawe ulio hai ni boma la mawe lenye mianya kuliko maboma yote. Wimbi huvunjika ukingoni, kisha maji hukwaruzwa na matawi na mashimo mpaka yanapofika ufukoni yamechoka. Utafiti uliokusanya vipimo vya bahari mbalimbali na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi, na kwamba sehemu kubwa, asilimia 86, hupunguzwa na ukingo peke yake. Hakuna kandarasi anayeweza kuahidi kadiri hiyo. Tena boma hili hujitengeneza lenyewe: jiwe likivunjika, jingine huota.

Katika maji haba wimbi haliwezi kuwa na kimo kinachozidi sana robo tatu ya kina chake, likizidi huvunjika. Kwa hiyo juu ya mwamba wenye maji ya kina cha meta 1, wimbi linaloweza kupita na kufika pwani ni la sentimita 80 hivi. Mwamba ule ukichimbwa nusu meta, kwa ajili ya tanuri la chokaa au mawe ya kujengea, au ukivunjwavunjwa kwa baruti, kina kinakuwa meta 1 na nusu na wimbi linalopita linakuwa karibu la meta 1 na sentimita 20. Limeongezeka mara moja na nusu. Kwa kanuni ya Hudson, jiwe la kulizuia lazima sasa liwe zito zaidi ya mara 3. Chama ambacho wanachama wake huuza chokaa ya matumbawe huku kikikusanya michango ya boma kinanunua kwa bei ghali kile kile ambacho kimeuza kwa bei rahisi. Katika vitabu vya hesabu, mapato ya chokaa huonekana upande wa kuume, yameandikwa vizuri na stakabadhi zipo. Upande wa pili hakuna kitu, kwa sababu mwamba haukuwahi kuandikwa kuwa ni mali ya chama. Mkaguzi hawezi kuuliza habari za mali ambayo haimo kitabuni, na hapo ndipo ukaguzi wa kawaida unapofika kikomo chake.

Yatakuja maneno kwamba wachoma chokaa nao wana watoto wa kulisha. Ni kweli, na chama kinachopiga marufuku bila kuwatafutia kazi nyingine kitawafanya wachome usiku. Lakini uamuzi huo uamuliwe mkutanoni hesabu zote mbili zikiwa mezani, ya chokaa na ya mawe. Ipo pia hasara isiyoletwa na mwanachama yeyote: joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na kwa wastani wa dunia nzima bahari ilipanda kiasi cha sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Mwamba uliodhoofishwa na hayo hauna akiba ya kuvumilia sururu.

Mikoko nayo ni boma lenye mianya, laini badala ya gumu. Vipimo mbalimbali vimeonyesha kwamba meta 100 za msitu wa mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, tofauti hiyo kubwa ikitokana na aina ya mizizi, kina cha maji na ukubwa wa wimbi. Haioti kila mahali, na penye mchanga mtupu unaopigwa na kusi ni kazi bure kuipanda. Palipo na matope na maji yaliyotulia, ni kinga rahisi kuliko zote, mradi isikatwe boriti.

Jambo moja zaidi huleta ugomvi kati ya vyama jirani. Mchanga wa pwani hautulii. Husafiri ufukoni pamoja na mawimbi, katika kusi kuelekea upande mmoja na katika kaskazi kuelekea mwingine. Boma likichomoza baharini, hulimbikiza mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Katika ufuko wa Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, vizuizi vilivyojengwa kulinda sehemu moja, pamoja na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoulisha ufuko huo, vimetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sababu za bahari kula sehemu nyingine. Kwa hiyo chama kinachotaka kujenga kiwaite majirani wa pande zote mbili kabla ya jiwe la kwanza kushushwa, kiwasikilize, na maneno yao yaandikwe.

Chama kilichokwisha kuamua kujenga kwanza kipate idhini ya halmashauri na ya idara ya mazingira, na ushauri wa mhandisi wa serikali. Kabla hata ya hapo, kamati yaweza kufanya kazi isiyo na gharama. Viwekwe vigingi vitatu au vinne nyuma ya ufuko, mahali bahari haifiki, na kutoka kila kigingi upimwe umbali hadi ukingo wa ufuko kila bamvua, kwa mwaka mzima, kusi na kaskazi. Ufuko uliopungua meta 4 katika kusi huweza kurudishiwa meta 4 na kaskazi, na chama kikaona kwamba kilikuwa karibu kukopa kwa sababu ya jambo linalojirekebisha. Kina cha maji mahali boma litakapokaa kipimwe wakati wa bamvua kubwa, maji yakiwa yamejaa, wala si wakati wa maji mafu. Katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi meta 3, na fundi anayepima saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa aliyofika huleta hesabu ya bahari isiyokuwapo. Banda linaloweza kuhamishwa nyuma meta 30 lipigiwe hesabu ya kuhamishwa pia, na makisio ya mambo hayo mawili yaletwe mkutanoni pamoja.

Na boma likishajengwa, liandikwe katika daftari la mali pamoja na fungu la matengenezo la kila mwaka. Boma la mawe hulegea. Ndivyo lilivyo, na mawe machache kuteleza si dalili ya wizi. Kila kusi inapokwisha, wajumbe wawili walipite kwa miguu wakati maji yamekupwa, wahesabu mawe yaliyotoka mahali pake, waangalie kama kitako kimechimbwa, na waandike. Mawe ya akiba, kiasi cha lori moja au mawili ya uzito ule ule wa tabaka la nje, yanunuliwe pamoja na yale ya kwanza na kuwekwa kando, maana bei ya kulileta lori moja baadaye haifanani na bei ya kuyaleta ishirini kwa pamoja. Mawe hayo yahesabiwe katika kuhesabu mali kila mwisho wa mwaka, kama mifuko ya chumvi na nyavu. Yamekuwa na desturi ya kupungua bila bahari kuyagusa.